Tuliulizwa Jambo Moja, Tukaamuliwa Jingine

Mtu asiye na kura nchini Marekani bado ana mlango mmoja wa kuisemesha serikali kuu inapomtungia kanuni, nao ni ule wa kutoa maoni kabla kanuni haijakamilika. Mimi niliujua mlango huo kwa sababu ya kipande cha mpira chenye ukanda, kinachofungwa nyuma ya bastola, ambacho katika maduka ya silaha ya Texas ninakoishi huitwa breisi. Upinzani wa kisiasa na wa kisheria uliokizunguka kipande hicho kuanzia mwaka 2021 hadi 2025 ulinifundisha kuhusu utawala wa nchi hii mambo ambayo maandalizi ya mtihani wa uraia hayakunifundisha. Ninayaandika kwa ajili ya wasemaji wenzangu wa Kiswahili wanaomiliki silaha kihalali, na pia kwa wale wasiotaka hata kuiona silaha, kwa kuwa utaratibu ninaoueleza ndio huohuo unaotumika kutunga kanuni za kazi, za afya na za uhamiaji.

Nilikulia Tanga, ambako bunduki ilikuwa ya polisi, ya askari wa wanyamapori na ya wazee wachache wenye leseni waliolinda mashamba yao dhidi ya nguruwe pori. Sikuja Marekani nikiwa na hamu ya silaha. Nilikuja kufanya kazi, na kazi ya ghalani ndiyo iliyoniumiza: mzigo uliteleza kutoka kwenye rafu ukanivunja kifundo cha mkono wa kulia, na ingawa mifupa iliunga, nguvu ya kushika kitu kizito kwa muda mrefu haikurudi yote. Baadaye familia ilipohamia nje kidogo ya Fort Worth, katika mtaa ambao polisi wakiitwa huchelewa kufika, mimi na mke wangu tulikubaliana kuwa na silaha ya kulinda nyumba. Mkazi wa kudumu mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kununua silaha, tofauti na mwenye viza ya muda, ambaye kwa kawaida haruhusiwi. Nilijaza fomu ya dukani, kumbukumbu zangu zikachunguzwa, nikauziwa.

Muuzaji alipouona mkono wangu alinishauri nichukue bastola kubwa ya muundo wa AR, yaani ule wa bunduki ya AR-15, yenye mtutu wa inchi 10.5. Nyuma yake palikuwa na breisi, yaani mpira mweusi mgumu uliopasuliwa katikati ili kigasha cha mkono kiingie baina ya pande zake mbili, kisha ukanda wa velkro unazungushwa na kukazwa. Nilipoifunga mara ya kwanza kwenye uwanja wa shabaha, uzito uliokuwa ukikielemea kifundo ulihamia kwenye kigasha, na mtutu ambao kwa bastola nyingine ulikuwa ukitikisika ukatulia. Kwa mtu mwenye mkono mzima huenda hilo likaonekana dogo, lakini kwangu ndilo lililotofautisha silaha ninayoweza kuimudu na silaha ambayo ingekuwa hatari kwa familia yangu mwenyewe.

Ili msomaji aelewe ugomvi ulikotoka, hana budi kuirudia Sheria ya Taifa ya Silaha ya mwaka 1934, iliyotungwa enzi za Rais Franklin Roosevelt wakati magenge ya wahalifu yalipokuwa yakitikisa miji. Rasimu ya kwanza ya sheria hiyo ilizigusa hata bastola, na ili mtu asikwepe masharti kwa kuikata bunduki ndefu hadi ifichike kama bastola, bunduki fupi nazo ziliingizwa. Bungeni bastola ziliondolewa, bunduki fupi zikabaki. Hadi leo bunduki iliyokusudiwa kutegemezwa begani, ikiwa na mtutu wa chini ya inchi 16 au urefu wote wa chini ya inchi 26, ni lazima isajiliwe serikalini, na kwa zaidi ya miaka 90 usajili huo uliambatana na kodi ya dola 200. Anayekutwa nayo bila usajili anaweza kufungwa hadi miaka 10. Bastola yenye mtutu mfupi haimo katika masharti hayo, na hapo ndipo lilipozaliwa swali lililotusumbua sote: bastola iliyofungwa breisi ni bastola bado, au imeshakuwa bunduki fupi ya begani?

Jibu la serikali halikutulia mahali pamoja. Breisi ilibuniwa na mwanajeshi wa zamani, Alex Bosco, baada ya kumwona mkongwe mwenye ulemavu akishindwa kuidhibiti bastola ya namna hiyo, na mwaka 2012 Idara ya Pombe, Tumbaku, Silaha na Vilipuzi, inayojulikana kwa herufi za ATF, ilimwandikia kwamba kukifunga kifaa chake hakubadilishi aina ya silaha. Januari 2015 idara hiyohiyo ikatoa barua ya wazi ikisema kwamba mtu akikiweka begani, ameibuni upya silaha yake. Machi 2017 ikalegeza tena kauli hiyo. Katikati ya barua hizo watu waliendelea kununua, wengi wao wakitegemea maneno ya serikali yenyewe, kiasi kwamba ATF ilipokuja kukadiria idadi ya breisi zilizo mikononi mwa watu ilitaja milioni 3, na watafiti wa Bunge la Kongresi wakasema zinaweza kuwa kati ya milioni 10 na 40.

Kisha yakatokea mauaji. Agosti 2019 watu 9 waliuawa mjini Dayton, jimbo la Ohio, katika muda usiofika dakika moja, na Machi 2021 watu 10 waliuawa katika duka la vyakula mjini Boulder, jimbo la Colorado. Wauaji wote wawili walitumia bastola za muundo wa AR zenye breisi. Mwezi uliofuata Rais Joe Biden alitangaza kwamba serikali yake itatunga kanuni juu ya kifaa hicho, na tarehe 10 Juni 2021 rasimu ikachapishwa katika gazeti rasmi la serikali kuu, ikiwapa watu siku 90 za kutoa maoni.

Hapa ndipo nilipouona mlango nilioutaja. Sikuwa raia. Sikuwa na mbunge wa kumtishia kwa kura yangu. Lakini Sheria ya Utaratibu wa Utawala ya mwaka 1946 inaitaka idara inayotunga kanuni ichapishe rasimu yake, ipokee maoni ya kila mwenye kuguswa na jambo hilo, na iyajibu yale yenye uzito. Haisemi lazima awe raia. Rafiki yangu Mkongomani, mtu wa Bukavu anayefanya kazi ya ukalimani, ndiye aliyenieleza, na alinikatisha nilipotaka kuandika malalamiko ya jumla. "Kaka, hasira hawaijibu," aliniambia. "Waonyeshe rasimu yao inavyokukosea wewe, kwa vipimo vyao wenyewe."

Nilimsikiliza. Kiini cha rasimu ile kilikuwa karatasi ya kupimia iliyopewa namba 4999. Kwanza silaha ilitakiwa iwe na uzito wa angalau aunsi 64, yaani karibu kilo 1.8, na urefu wa kati ya inchi 12 na 26. Ikifaulu hapo, unaanza kuhesabu alama kwa umbo la breisi na jinsi silaha ilivyopambwa. Ikifikisha alama 4 katika mojawapo ya sehemu mbili za mwisho, imeshahesabiwa kuwa bunduki fupi. Niliichukua bastola yangu mezani jikoni, nikahakikisha haina risasi wala magazini, nikaifunga boliti yake, yaani kipande kinachoziba nyuma ya mtutu, kisha nikaingiza kijiti cha mbao kutoka kwenye mdomo wa mtutu hadi kilipogota, nikatia alama kwa kalamu na kukipima kwa rula, kwa sababu ndivyo idara yenyewe inavyoelekeza mtutu upimwe. Nikapima pia umbali kutoka kwenye kifyatulio hadi mwisho wa breisi, kwa kuwa ukifika inchi 13.5 ulipewa alama 4 kwa mkupuo. Mimi nina mikono mirefu. Breisi iliyokaa sawasawa kwenye kigasha changu ilikuwa inakaribia kikomo hicho, na kama ningeisogeza mbele ili niwe salama kisheria, ukanda ungenibana penye kovu la upasuaji. Hayo ndiyo niliyoyaandika: vipimo vyangu, mkono wangu, na ombi kwamba karatasi ile itofautishe urefu unaohitajiwa na bega na urefu unaohitajiwa na kigasha cha mtu mrefu. Maoni yangu yaliungana na mengine zaidi ya 237,000, mengi sana yakiipinga rasimu.

Niliamini, na bado ninaamini, kwamba kazi ile ilikuwa na maana. Kumpa mtu asiye na kura nafasi ya kuieleza idara yenye nguvu kwamba kipimo chake kitamuumiza, na kuilazimisha idara hiyo imjibu, ni jambo la heshima kubwa ambalo nchi nyingi hazina.

Kanuni kamili ilitiwa saini na Mwanasheria Mkuu Merrick Garland mnamo Januari 2023 na kuchapishwa tarehe 31 ya mwezi huo. Niliitafuta karatasi namba 4999 ndani yake, na sikuikuta kama kipimo. Ilikuwa imeachwa. Badala ya alama palikuwa na vigezo vya jumla: kama uzito na urefu vinafanana na vya bunduki, kama kuna darubini inayohitaji jicho likae karibu, mtengenezaji aliitangaza vipi bidhaa yake, na hata taarifa za jinsi watu katika jamii wanavyoelekea kuitumia silaha ya aina hiyo. Kigezo hicho cha mwisho ndicho kilichonikosesha usingizi, kwa maana kilikuwa na uwezo wa kunihukumu mimi kwa video ambayo mtu nisiyemjua ameipiga begani mwake mahali nisipopajua. Serikali ilisema kwamba breisi zilizobuniwa kweli kwa ajili ya walemavu hazihusiki, lakini ilichotupa kilikuwa picha za mifano ya silaha zilizokwisha kuhesabiwa bunduki fupi, na kati ya hizo niliona inayofanana sana na yangu. Maoni yangu yote yalihusu alama, na alama hazikuwapo tena. Ilikuwa kama kuitwa kwenye kikao cha mahari ya binti mmoja, mkajadiliana mkapatana, kisha ndoa ikafungwa kwa binti mwingine.

Tulipewa hadi tarehe 31 Mei 2023. Mwenye silaha aliweza kuisajili bila kulipa ile kodi ya dola 200, kwa kupeleka alama za vidole na picha, au kubadilisha mtutu uwe wa inchi 16, au kuiondoa breisi kwa namna isiyoruhusu kurudishwa, au kuisalimisha silaha, au kuiharibu. Watu wapatao 255,000 walichagua kusajili, idadi ndogo mno ukiilinganisha na hata makadirio ya chini ya serikali.

Miezi ile ilikuwa mizito katika jamii yetu, na watu wengi walinipigia simu kwa kuwa walijua nimeisoma kanuni. Dada mmoja Mkenya, muuguzi wa zamu za usiku, aliniuliza, "Kaka, nikisajili, si nitakuwa nimekiri mwenyewe kwamba nilikuwa na silaha haramu?" Kanuni ilijibu swali lake kwa kuahidi msamaha kwa waliosajili ndani ya muda, lakini nilielewa hofu yake, maana mhamiaji anayepeleka alama zake za vidole serikalini kuhusu jambo linalogombaniwa mahakamani hafanyi hivyo kwa moyo mwepesi. Kwa sisi tusio raia kulikuwa na tishio lingine ambalo majirani zetu wazawa hawakuwa nalo: sheria ya uhamiaji inamfanya mgeni aliyetiwa hatiani kwa kosa la silaha astahili kufukuzwa nchini, hata kama ana kadi ya kijani na watoto waliozaliwa hapa.

Mimi binafsi nilikuwa nimeshapeleka maombi ya uraia. Fomu yake inauliza, chini ya kiapo, kama umewahi kutenda kosa la jinai ambalo hukukamatwa kwalo. Nilijua kwamba ikifika tarehe mosi Juni nikiwa bado na kile kifaa kama kilivyo, sitaweza kulijibu swali hilo kwa dhamiri safi, hata kama wanasheria wa Texas nzima wangeniambia kanuni itaanguka. Jioni moja ya Mei niliifungua breisi, nikaibana kwenye jiliwa gereji na kuikata kwa msumeno wa chuma vipande vitatu. Ule mpira ulikuwa mgumu kuliko nilivyofikiri, ukitoa harufu ya tairi iliyoungua kila msumeno ulipopata moto, na mke wangu alisimama mlangoni akipiga picha za vipande ili tuwe na ushahidi. Bastola bila breisi sikuweza tena kuitumia ipasavyo. Niliifungia kabatini.

Nilikuwa ninaipinga kanuni na nikaitii, na sioni mgongano wowote katika hilo. Mtu aliyezaliwa hapa anaweza kuamua kukaidi na kungoja mahakama, na baadhi yao nawaheshimu kwa ujasiri wao. Mhamiaji ambaye kesi yake ya uraia iko mezani kwa afisa hana nafasi hiyo, na yeyote anayemshawishi akaidi anacheza na maisha ambayo si yake.

Wiki ya mwisho ya Mei ilileta hali ambayo sijapata kuiona tena. Tarehe 23 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Tano, iliyoko New Orleans, ilitoa zuio la muda katika kesi iliyofunguliwa hapahapa Fort Worth na wamiliki wawili wa silaha pamoja na mtengenezaji na chama cha Firearms Policy Coalition. Siku chache baadaye ikafafanua kwamba zuio linawahusu pia wanachama wa chama hicho na wateja wa mtengenezaji huyo. Jaji wa Dallas akawapa kinga kama hiyo wanachama wa Second Amendment Foundation, na tarehe 31 jaji mwingine wa Texas akawapa wanachama wa Gun Owners of America. Watu wakakimbilia kujiunga. Nawajua majirani wawili, nyumba zinatazamana, wenye bastola zilizonunuliwa duka moja, ambao asubuhi ya Juni mosi mmoja alikuwa analindwa na amri ya mahakama kwa sababu ya kadi ya uanachama na mwenzake alikuwa katika hatari ya kufungwa. Sikufurahi, ingawa walioshinda walikuwa wa upande wangu. Haki ya jinai haipaswi kumfikia mtu kwa njia ya ada ya chama.

Njia ya kisiasa ilikuwa ikienda sambamba, na iliishia ukingoni. Mbunge Andrew Clyde wa Georgia alipeleka azimio la kuitengua kanuni kwa kutumia sheria ya mwaka 1996 inayoliruhusu Bunge kupitia kanuni mpya. Baraza la Wawakilishi lililipitisha tarehe 13 Juni 2023 kwa kura 219 dhidi ya 210. Siku tisa baadaye Seneti ililiangusha kwa 49 dhidi ya 50. Hata kama kura moja ile ingehama, Rais Biden alikwishasema atalikataa, na hapakuwa na dalili ya theluthi mbili za kulishinda katazo lake. Wengi wetu tulioufuatilia mjadala ule tulijifunza kwamba hotuba kali za wanasiasa kuhusu Marekebisho ya Pili ya Katiba, yale ya haki ya kumiliki silaha, zilikusanya michango na makofi, lakini hazikuirudisha breisi hata moja.

Siwezi kueleza upinzani huu kwa haki bila kumtaja mzee mmoja wa msikitini kwetu, mtu wa Mombasa ninayemwamkia shikamoo kila Ijumaa. Alinisikiliza nikieleza haya yote, kisha akasema, "Mwanangu, watu kumi wameuawa wakinunua chakula, na wewe unasimama kuutetea mpira?" Nilikaa na swali hilo muda mrefu. Ninakiri kwamba aliyefanya mauaji ya Boulder alinufaika na uimara uleule ninaoutafuta mimi kwa mkono wangu mbovu, na sina hoja ya kuufanya ukweli huo upungue. Nilichomjibu mzee ndicho ninachokiamini hadi sasa: kama Bunge linaona kifaa hiki ni hatari kiasi cha kumfunga mtu miaka 10, wabunge walipige kura kwa majina yao, waliandike kwa maneno ambayo mwenye kifaa anaweza kuyasoma akajua yuko upande gani wa mstari, nami nitatii na kunyamaza. Kisichokubalika ni idara kuwaambia watu kwa miaka kumi kwamba kitu ni halali, kisha kuwageuza wahalifu kwa vigezo ambavyo haikuwahi kuwaonyesha. Mzee hakukubaliana nami, na hata leo hakubaliani. Tunaendelea kuswali safu moja.

Tarehe 1 Agosti 2023 ndiyo tarehe ninayoikumbuka kuliko zote. Mahakama ya Mzunguko wa Tano, kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, ilisema kwamba kanuni inaelekea kuvunja Sheria ya Utaratibu wa Utawala kwa sababu kanuni kamili haikuwa zao la rasimu ambalo watu wangeweza kulitarajia. Jaji Jerry Smith, aliyeandika uamuzi, hakuuegemeza kwenye Katiba wala haki ya kumiliki silaha. Aliuegemeza kwenye karatasi namba 4999: watu waliulizwa juu ya alama, wakatoa maoni juu ya alama, kisha wakaletewa vigezo vingine ambavyo hawakupata nafasi ya kuvizungumzia. Nilipousoma uamuzi huo wakati wa mapumziko kazini niliona jambo lililonipata mimi limeelezwa na mtu ambaye hakunijua, na nililia mbele ya wenzangu bila haya. Maoni yale zaidi ya 237,000, ambayo tuliambiwa yamepita bure, yaligeuka ushahidi wa kile ambacho watu waliulizwa na kile ambacho hawakuulizwa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi. Novemba 2023 Jaji Matthew Kacsmaryk wa Amarillo, katika kesi ya maveterani, aliisimamisha kanuni nchi nzima, kwa hiyo suala la kadi za uanachama likaisha. Tarehe 13 Juni 2024 Jaji Reed O'Connor wa Fort Worth aliifuta kabisa. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Nane, katika kesi iliyofunguliwa North Dakota na majimbo 25 pamoja na wadau wa biashara ya silaha, nayo ikaona kwamba kanuni inaelekea kuwa ilitungwa kiholela. Serikali mpya ya Rais Donald Trump iliacha kuendelea na rufani yake Julai 2025.

Siku moja tu baada ya hukumu ya O'Connor, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Michael Cargill, mwenye duka la silaha mjini Austin, aliyesalimisha vitako vyake viwili aina ya bampustoki, yaani vitako vinavyoiwezesha bunduki kufyatua risasi mfululizo kwa haraka, baada ya kanuni nyingine ya ATF kuvipiga marufuku, kisha akaishtaki serikali. Kanuni hiyo ilitungwa na serikali ya kwanza ya Donald Trump baada ya mauaji ya Las Vegas ya Oktoba 2017, ambapo watu 60 walipoteza maisha, jambo linaloonyesha kwamba tabia ya idara kunyoosha maneno ya sheria ya zamani haina chama. Majaji sita dhidi ya watatu walisema kifaa hicho hakiifanyi bunduki kuwa ya rashasha kwa maana ya sheria ya 1934, na Jaji Samuel Alito akaongeza kwamba Bunge linaweza kuirekebisha sheria wakati wowote. Seneti ilijaribu siku chache baadaye, pingamizi la seneta mmoja likaizuia. Hilo nililiona kuwa aibu kwa upande wetu: waliokuwa wakisema "hili ni la Bunge" walipopewa Bunge hawakutaka hata mjadala.

Nawaonya pia wenzangu wanaodhani mahakama itaikata kila kanuni ya ATF. Machi 2025 Mahakama ya Juu, kwa majaji saba dhidi ya wawili, iliiruhusu kanuni ya silaha za kujiundia nyumbani zisizo na namba, kwa kuwa iliona inaingia ndani ya maneno ya sheria ya mwaka 1968. Kila kanuni husomwa pamoja na sheria inayodai kuitekeleza, na mwenye kutaka kuipinga aanze kwa kuisoma sheria hiyo.

Uraia nilipewa mwaka 2024, na swali lile la fomu nililijibu bila kusita. Nilinunua breisi nyingine baada ya hukumu ya Juni, nikaifunga na kupima tena kila kitu kwa kijiti kilekile. Wanaoniuliza sasa nawaambia hivi: kufutwa kwa kanuni ya 2023 hakukuifuta sheria ya 1934, na idara bado inaweza kudai kwamba silaha fulani, kwa jinsi ilivyoundwa, ni bunduki fupi. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imeishusha kodi ya bunduki fupi na viwambo vya sauti hadi sifuri kuanzia tarehe 1 Januari 2026, lakini usajili, alama za vidole na ruhusa ya kuivusha bunduki fupi kutoka jimbo moja hadi jingine vimebaki palepale. Kesi mpya zimefunguliwa hapa Texas zikiuliza kama usajili uliotungwa kwa ajili ya kodi unaweza kusimama bila kodi. Hadi zitakapoamuliwa, mwenye bunduki ya begani yenye mtutu wa chini ya inchi 16 anapaswa kuisajili, na mhamiaji ambaye karatasi zake bado ziko mezani asingoje kukumbushwa.